Anayekwenda Japani asiishie Tokyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili niongezee, na mahali pamoja nisahihishe, makala ya vivutio vya Japani iliyotoka katika gazeti lako Jumamosi iliyopita. Mwandishi aliueleza vizuri Mlima Fuji, mahekalu ya Kyoto na taa za Tokyo, lakini kisiwa cha Shikoku alikipa sentensi moja tu, na katika sentensi hiyo hiyo akasema kwamba huko lipo daraja la kamba za mwituni lisilo na chuma hata kidogo. Daraja hilo nimelivuka kwa miguu yangu, tena zaidi ya mara moja, na chuma kimo. Nitalifikia jambo hilo.

Mimi ni bwana shamba mstaafu, mzaliwa wa Rungwe na mkazi wa Uyole. Mwaka 2019, nikiwa ukingoni mwa utumishi, nilipelekwa Japani kwa mafunzo ya hifadhi ya udongo, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo ilifanyika katika kisiwa hicho cha Shikoku, magharibi ya mkoa wa Tokushima, katika bonde la Iya na milima inayolizunguka. Wajapani wenyewe wamezoea kulihesabu bonde hilo miongoni mwa sehemu tatu za nchi yao zilizojificha kuliko zote, pamoja na Shirakawa-go na Shiiba, na wenzetu wa mjini tuliokutana nao njiani walitushangaa walipoambiwa tunakoelekea. Mimi sikushangaa nilipofika. Ukungu wa asubuhi, baridi inayoingia hadi mifupani, nyumba zilizong'ang'ania mteremko na barabara inayojikunja kama nyoka aliyekanyagwa ni mambo ambayo mtu wa Tukuyu, Makete au Ludewa hahitaji kusafiri ili ayaone. Ndiyo maana nadhani msomaji wa nyanda zetu za juu, akibahatika kwenda Japani kwa masomo au biashara, atafaidika na Iya kuliko anavyofaidika na ghorofa za Tokyo ambazo Dar es Salaam nako zimeanza kuota.

Njia ya kufika ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Treni hutoka Okayama, ikavuka bahari juu ya daraja la Seto lililofunguliwa mwaka 1988, kisha ikapanda ndani ya korongo la mto Yoshino hadi kituo kidogo kiitwacho Oboke, safari ya saa mbili hivi. Jina la Oboke, kwa maelezo ya wenyeji, hutokana na kwamba ukipiga hatua ndefu mahali hapo utaangamia, na eneo la jirani liitwalo Koboke hutokana na kwamba hata ukipiga hatua fupi utaangamia vilevile. Nilipoelezwa hivyo nilikumbuka mteremko wa Kitonga, na namna utingo wa lori alivyokuwa akishuka na kigingi cha mti mkononi ili akitie chini ya tairi. Siku hizi korongo hilo ni la mashua za watalii, na mwaka 2017 mto huo ulikuwa uwanja wa mashindano ya dunia ya kushuka maporomoko kwa mitumbwi ya mpira.

Sasa lile daraja. Wenyeji huliita Kazurabashi. Urefu wake ni meta 45, upana meta 2, na kutoka kwenye vibao vyake hadi majini ni meta 14. Limefumwa kwa mitambaa minene ya porini inayoota milimani huko, mingine minene kama mkono wa mtu mzima, iliyosokotwa na kufungwa kwenye miti mikubwa ya kingo zote mbili. Vibao vya kukanyagia vimeachana kiasi kwamba mguu wa mtoto hupenya bila shida, na mtu akitazama chini huona maji ya kijani kati ya kiatu chake cha kushoto na cha kulia. Nilikuwa nyuma ya mwanamama mmoja wa Kijapani aliyefika katikati akasimama, akashika kamba kwa mikono miwili na kuanza kucheka kile kicheko cha mtu asiyejua kama atalia. Sote nyuma yake tukasubiri, daraja likinesanesa, hadi alipopata moyo. Ndani ya mitambaa hiyo zimefichwa nyaya za chuma kwa ajili ya usalama, na hakuna anayewaficha wageni jambo hilo. Kila baada ya miaka mitatu, wakati wa baridi kali, daraja hufungwa, mitambaa ya zamani hushushwa na mipya hufumwa upya na wenyeji.

Kuna jambo ambalo lilinigusa kuliko kimo chake. Mwanzoni mwa karne ya 20 daraja hilo liliwahi kubadilishwa na kuwa la waya, kama yalivyobadilishwa madaraja mengine, kisha mwaka 1928 wakalirudisha la mitambaa ili wilaya yao ipate wageni. Yaani hata huko mambo ya jadi hayakudumu yenyewe tu kwa kuachwa. Watu walikaa, wakakubaliana kwamba wanalitaka, na tangu siku hiyo wanalitolea jasho.

Asili yenyewe ya madaraja hayo husimuliwa kwa hadithi mbili. Wengine humtaja mtawa mmoja mashuhuri wa dini ya Kibudha aliyewajengea wenyeji kwa huruma. Wengine husema kwamba ukoo wa Heike uliposhindwa vita mwaka 1185, mabaki yake yalikimbilia bonde hilo na kufuma madaraja ya kamba ili adui akitokea wayakate kwa panga moja. Mtu wa Iringa hana haja ya kufafanuliwa jinsi mlima unavyomhifadhi aliyeshindwa vita, kwa kuwa Mkwawa, baada ya ngome ya Kalenga kuanguka mwaka 1894, aliwahangaisha Wajerumani hadi mwaka 1898. Anayetaka kuonja hofu ya zamani bila msongamano wa watu apande zaidi hadi Iya ya juu, ambako yako madaraja mawili pacha ya aina hiyo, yanayoitwa la mume na la mke, na kando yake kiko kitoroli cha mbao kinachoning'inia kwenye kamba, ambacho mtu hukaa ndani na kujivuta mwenyewe hadi ng'ambo. Nilijivuta. Mikono iliniuma siku mbili.

Nikubalie, Mhariri, nikae kidogo kwenye mashamba, kwa kuwa ndiyo kazi yangu na ndiyo kivutio ambacho watalii wengi hukipita wakiwa ndani ya basi. Mashamba ya milima hiyo hayana ngazi. Yamelala juu ya mteremko kama blanketi lililotandikwa juu ya mgongo wa ng'ombe, na mengine yana mwinuko unaofikia nyuzi 40. Kwa kitabu nilichosomea mimi, shamba la namna hiyo ni la kupandwa miti tu. Wakulima wa huko wamelilima kwa karne nyingi kwa kutumia nyasi. Majira ya vuli hukata nyasi ndefu zinazofanana sana na zetu za kuezekea, huzikusanya zikakaushwa katika lundo lenye umbo la kibanda kisicho na mlango, ambalo wao huliita koeguro, kisha huzikatakata na kuzitandaza shambani. Nyasi hizo huzuia mvua isichukue udongo, hutunza unyevu, na zikioza huwa mbolea. Udongo unaoteremka pamoja na hayo yote hurudishwa juu kwa jembe lenye meno, kidogo kidogo, na wazee ambao kwetu wangekuwa wameshaketi barazani. Mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliuingiza mfumo huo katika orodha yake ya urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia, orodha ambayo kwa upande wetu ina vihamba, yaani mashamba ya Wachaga yanayozunguka nyumba zao, vya Shimbwe Juu kule Kilimanjaro.

Nilipoyaona malundo yale niliwakumbuka Wamatengo wa Mbinga na ngoro zao: nyasi zilizofyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatana, udongo ukafukiwa juu yake, na katikati yakabaki mashimo ya kunasa maji ya mvua. Na nikakumbuka, kwa aibu, kwamba nikiwa kijana mwenye cheti kipya niliwahi kumwambia mzee mmoja wa Kimatengo aachane na mambo hayo, achimbe makinga maji ya kisasa kama nilivyofundishwa. Alinisikiliza kwa adabu, akanipa maharage ya kupeleka nyumbani, akaendelea na ngoro zake.

Lakini jambo ambalo sitalisahau lilitokea jioni, nyumbani kwa bibi mwenyeji wetu. Alikuwa ametupikia tambi nene za ngano nyeusi ambazo hukatika kabla hazijafika mdomoni, na viazi mviringo vidogo vilivyochomwa katika kijiti kimoja pamoja na jibini ya soya, vikapakwa rojo ya soya iliyochachushwa. Baada ya chakula alitoka na kurudi na mashuke makavu, akasema hiyo ndiyo nafaka ya zamani ya kwao, jina lake yatsumata, na mkalimani akaongeza kwamba Wajapani wengine huiita shikokubie, yaani mtama wa Shikoku. Nilipokea suke moja. Lilikuwa limefumba kama ngumi ya mtoto mchanga, na nilipolisugua viganjani zikatoka punje ndogo nyekundu. Ulezi! Ulezi ule ule wa uji wa mzazi, wa togwa, wa kimpumu, ambao asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na ambao ulisafiri, mkono kwa mkono, hadi ukapata uraia na jina la kisiwa cha Japani. Niliwaeleza hivyo. Bibi yule alimtazama mkalimani, akanitazama mimi, akaniuliza kama kwetu pia tunaukanda ukawa maandazi ya mvuke. Nikamwambia sisi kwanza tunaunywa. Alicheka hadi akajifuta macho.

Kijiji cha Ochiai ndicho mahali pazuri pa kuyatazama mambo hayo kwa pamoja, kwa sababu kati ya nyumba ya chini kabisa na ile ya juu kabisa pana tofauti ya meta 390 za kimo, na mtu akisimama mteremko wa ng'ambo hukiona chote kimening'inia. Serikali yao ilikitangaza mwaka 2005 kuwa eneo la kuhifadhiwa. Baadhi ya nyumba zake za nyasi zimekarabatiwa kwa ajili ya kupangisha wageni. Kwa nje hazikuguswa, na ndani zina maji ya moto.

Juu zaidi bondeni kiko Nagoro, na hapa naomba wasomaji wenye moyo mwepesi wajiandae. Wakazi wake hawafiki 30. Mama mmoja aliyerejea kijijini kumtunza baba yake alitengeneza sanamu ya kuamia ndege iliyofanana na baba huyo, akaiweka shambani, na majirani wakawa wanaisalimia. Tangu hapo mama huyo amekuwa akimtengenezea kila mwanakijiji aliyefariki au kuhama mfano wake wa ukubwa wa mtu, wenye nguo na kofia, na leo sanamu zinawazidi watu walio hai kwa mbali. Ziko kituo cha basi zinasubiri. Ziko ukingoni mwa barabara zinatengeneza nguzo. Shule ya kijiji ilifungwa mwaka 2012, na wanafunzi wawili wa mwisho waliacha mifano yao madarasani, ambamo mpaka sasa yumo mwalimu wa nguo kuukuu anayefundisha watoto wa nguo kuukuu. Mimi nililelewa kwenye dungu, Kyela kwa mjomba, nikiamia ndege wa mpunga kwa kombeo, kwa hiyo sanamu za shambani hazinitishi. Zile zilininyamazisha. Nilifikiria vijiji vyetu kadhaa vya Makete na Ludewa ambavyo vijana wake wote wako Mbeya, Makambako na Dar es Salaam, na nikapanda basi bila kupiga picha.

Kwa msomaji wa Iringa nataja pia Dochu, nguzo za udongo zilizoko Awa, kaskazini ya mto Yoshino, umbali usio mkubwa kutoka mabonde niliyoyataja. Ni vifusi vya mto wa kale vilivyoinuliwa na kisha kuchongwa na mvua hadi vikabaki nguzo na kuta zenye mikunjo, na zilitangazwa kuwa kumbukumbu ya asili tangu mwaka 1934. Nilipozitazama nilidhani nimerudi Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini. Nitasema bila kigugumizi kwamba Isimila inaishinda Dochu, maana zaidi ya nguzo ina zana za mawe za binadamu wa kale zilizochimbuliwa na Clark Howell na wenzake mwaka 1957 na 1958, wakati Dochu ina nguzo tu. Hata hivyo Dochu nilikuta njia iliyofagiliwa na kibao kinachosomeka.

Mtaa wa wafanyabiashara wa nili ulioko Wakimachi ni mzuri kwa anayependa nyumba za kale, na sanamu ya mtoto anayekojoa ya bonde la Iya, iliyosimikwa mwaka 1968 juu ya genge la meta 200 mahali ambapo inasemekana vijana walikuwa wakijaribiana ushujaa, ni ya kuchekesha kwa dakika tano. Siyo kila kitu huko ni cha kusifiwa. Karibu na Kazurabashi wamejenga jengo la zege la maegesho, kubwa kama stendi ya mkoa, ambalo mgeni huliona kabla hajaliona daraja lenyewe, na sidhani kama aliyelichora aliwahi kulitazama bonde akiwa amesimama chini.

Jambo la mwisho ninaloliona kuwa la maana ni vituo vyao vya njiani, viitwavyo michi no eki. Vilianza kusajiliwa mwaka 1993 na sasa vimepita 1,200 nchi nzima. Kila kituo kina maegesho, taarifa za barabara, vyoo vinavyofunguliwa usiku na mchana, na duka la mazao ya wakulima wa jirani, ambamo fungu la viazi au uyoga huwa na jina la aliyelima. Kile cha Oboke kina makumbusho ya mawe na ya mazimwi ya milima hiyo. Huko nilimkuta Konaki-jiji, zimwi lenye umbo la kikongwe linalolia porini kwa sauti ya kichanga. Msafiri akilihurumia na kulibeba, linazidi kuwa zito kama jiwe wala halikubali kuachwa. Hadithi ni ya wilaya hiyo, nao wameitafutia paa, picha na kiti cha msimulizi. Sisi tuna Ziwa Ngosi lenye nyoka wake, tuna Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, tuna kimondo cha Mbozi chenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, na hadithi zake zote ziko vichwani mwa wazee wanaokwisha.

Mwaka juzi niliwapeleka wageni wawili kwenye kivutio kimoja cha nyanda hizi ambacho sitakitaja. Tulikuta kijana anayedai kiingilio bila stakabadhi, choo chenye kufuli ambalo ufunguo wake ulisemekana uko mjini, na mama watatu wenye viazi vya kuchemsha waliokuwa wakifukuzwa getini ili wasichafue mandhari. Wageni wangu walikula viazi hivyo kwa siri, nyuma ya gari, na baadaye kila mmoja akaenda kuchimba dawa msituni upande wake. Mama wale wangewekewa banda, choo kingefunguliwa, na mapato ya viazi yangemlipa mfagizi. Hesabu hiyo haihitaji mfadhili kutoka nje. Halmashauri inayokusanya ushuru wa viazi vile vile inaweza kuifanya.

Kwa anayepanga safari: aepuke majira ambayo daraja linafumwa upya, aulize ratiba ya mabasi mapema kwa kuwa kutoka Oboke kwenda juu ni machache kwa siku, na abebe sweta hata kama Tokyo kuna joto. Nawe, Mhariri, ukimtuma tena mwandishi wako Japani, mwombe ashuke Oboke na alale usiku mmoja bondeni. Akifika Kazurabashi akaze macho kati ya mitambaa, ataziona nyaya.

Wako mtiifu,
Bwana shamba mstaafu,
Uyole, Mbeya